Makaburi ya Ploti ya Kagiri

Annet alikuwa akifua nguo za watu siku tuliyoambiwa kwamba hatuishi tena Kawangware. Kijana wa kampuni ya kujenga nyumba alikuja na bango, akalipigilia kwenye mabati ya ploti yetu, na bango lilisema hapa ni Lavington Magharibi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nauza sukuma wiki kwenye kona hiyo tangu binti yangu Kavindu hajaota meno, na sijawahi kuona Lavington ya matajiri ikivuka barabara kuja kutusalimia. Matope yalikuwa yale yale, ila sasa yamepandishwa cheo. Annet hakucheka. Aliuliza tu wataanza kuchimba upande gani.

Alitoka Bungoma miaka ya tisini, ameolewa na Khaemba, aliyekuwa askari wa lango kwa tajiri mmoja. Wakati huo kulikuwa na mahindi kati ya nyumba na nyumba, na ng'ombe wa mzee Kagiri walifungwa pale ambapo leo kuna duka la simu. Mzee Kagiri alijenga vyumba vya mabati, Annet na Khaemba wakachukua cha mwisho, kule nyuma. Khaemba akalinda lango la tajiri, Annet akawa mama fua. Lami ikaja, taa zikaja, ghorofa zikaanza kuota upande wa juu, na kila ghorofa ilipoisha Annet alipata nguo mpya za kufua.

Si mwanamke mtamu, sitadanganya. Ana ulimi mkali na hapendi wageni. Alifulia juu ya jiwe pana lililokuwa nyuma ya chumba chake, chini ya upenu, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye paa. Mtoto akikanyaga jiwe hilo na viatu, alichapwa. Kavindu wangu alichapwa hapo, nami nikaenda kumtukana Annet mchana kweupe, akanisikiliza huku anakamua shati. Vyumba vizuri zaidi vilipopatikana upande wa barabarani, wapangaji wote wa nyuma walihamia huko isipokuwa yeye. Tulisema kichwa chake hakiko sawa, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Siku ya bango aliniita nyuma, akanionyesha jiwe.

"Mama Kavindu, mtoto wangu yuko hapo."

Alikuwa wa kwanza na wa mwisho, mvulana, aliyezaliwa ndani ya chumba kile, akalia mara moja, akanyamaza. Kwao, aliniambia, mtoto mchanga namna hiyo hafanyiwi matanga wala hasafirishwi. Kina mama wazee humzika kimya kimya karibu na ukuta, chini ya upenu, asikae mbali na mama yake. Majirani wawili wazee kutoka Bungoma ndio waliofanya hivyo, Khaemba akiwa kazini. Mzee Kagiri aliambiwa, akawapa jiwe hilo ili mbwa wasichimbue. Wote watatu wameshakufa. Khaemba naye alikufa miaka michache iliyopita, akazikwa kwao, na kabla ya kukata roho alimwomba mke wake jambo moja: amletee mtoto alale kando yake. Annet alikuwa akisema mwaka ujao, mwaka ujao, kwa kuogopa kile atakachokiona akichimba. Sasa bango limekuja.

"Nyumba wachukue," alisema. "Mimi nataka nimtoe kabla tingatinga haijafika. Hilo tu."

Nilimpeleka mwenyewe kwa nyapara wa mjengo, kijana anayeitwa Geoffrey. Nilitarajia atufukuze. Badala yake alivua helmeti, akamsikiliza Annet mpaka mwisho, kisha akatembea naye hadi kwenye jiwe akasimama hapo kama mtu aliyeingia kanisani. Vijana wa mjengo waliposikia, waliweka sepeto chini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kugusa udongo huo bila maombi. Geoffrey alipiga simu kwa wakubwa wake, akabishana nao, akarudi.

"Mathe, tulia," alisema. "Jumatatu nakuja na pasta na mtu wa afya, tunamtoa mtoto vizuri, unampeleka nyumbani. Hadi hiyo siku hakuna mtu ataguza hii ploti. Nimesema."

Na kweli tingatinga iliyokuwa tayari kando ya barabara ilizimwa. Annet alitafuta shuka jeupe, akalifua, akalianika, akaliona halijatakata, akalifua tena. Nilimwona akitabasamu, na sura yake haijazoea mambo hayo.

Shida ni kwamba si mimi peke yangu niliyeona tingatinga ikizimwa.

Mwenyekiti wetu wa wapangaji alikuwa Victor, fundi wa simu, mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameenda kwa chifu, ameenda kwa mwakilishi wa wadi, amelia redioni, na hakuna kilichosimama. Halafu mama fua mmoja anasema neno kaburi na mashine yote inalala. Jumamosi, nyapara alipokwenda zake, Victor alitukusanya uani.

"Wasee, mmeona?" alisema. "Kaburi moja tu limesimamisha mjengo mzima. Sisi tunangoja nini? Kila mtu azike wake. Hawawezi kufukua ploti nzima, watatulipa tu watulie."

Nilidhani ni mzaha. Jua halijatua, uani kulikuwa na vilima vya udongo kama shamba la viazi. Victor alimzika babu yake, ambaye alizikwa Machakos na mimi nilienda matanga hayo. Whitney, msichana wa kusuka nywele, alimzika shangazi ambaye humpigia simu kila Ijumaa kumuuliza anaolewa lini. Watu walichagua mahali, wakagombania nafasi, wakachekeana. Mmoja alimwambia mwenzake kaburi lake ni fupi, amezika mbilikimo.

Na aliyechonga misalaba alikuwa Muia, fundi wa mbao, ambaye kwa bahati mbaya ni mume wangu. Aliichonga kwa mbao za masanduku ya friji, na baadhi yake bado ilikuwa na mshale uliochapwa kuonyesha upande wa juu ni upi.

"Hata wewe, Muia?" nilimuuliza.

"Ni kazi, Mama Kavindu. Na inatusaidia wote."

"Na msalaba wa Annet, wa kweli?"

"Wa Annet nimeuchonga bure. Nimeufanya mzuri kuliko yote."

Hapo ndipo pananiuma mpaka leo, kwa sababu Muia ni mtu wa roho nzuri, na roho yake nzuri ndiyo iliyotuua. Alichukua kipande cha mbao safi, akakipiga msasa, akakipaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi za kupendeza: Mtoto Khaemba. Kisha akaona kwamba msalaba bila mwaka haujakamilika. Hakumuuliza Annet, aliyekuwa ameenda kanisani kuomba. Hakuniuliza mimi. Alikumbuka tu kwamba Khaemba alikufa karibu na wakati fulani, akaona mtoto atakuwa wa hapo hapo, akaandika 2019. Annet aliporudi aliukuta umesimama kando ya jiwe. Macho yake yaliharibika zamani, haoni herufi. Aliona tu weupe. Akaupapasa, akasema mtoto wake hajawahi kuwa na kitu cha kwake, na akauacha pale.

Jumatatu Geoffrey alikuja na pasta, na mtu wa afya, na Njambi, binti aliyerithi ploti kwa marehemu mzee Kagiri na kuiuza. Walifungua geti wakasimama. Jumamosi waliacha jiwe moja, sasa wanaona makaburi uwanja mzima. Njambi alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi nimelelewa kwa hii ploti," alisema. "Hatujawahi kuzika hata paka."

Mtu wa afya alikuwa mzee mpole. Alisema basi tuanze na la karibu. Vijana wakachimba kwa babu yake Victor. Kilima kiliondoka, na chini yake ardhi ilikuwa ngumu, jembe halijawahi kuigusa. Wakachimba kwa shangazi yake Whitney, wakakuta gunzi la mahindi. Kwenye la tatu walikuta kandambili. Sasa vijana wale wale walioweka sepeto chini kwa heshima walikuwa wakipiga vigelegele kila kilima kikifunguliwa, na Victor alikuwa ameshatoweka, simu yake imezimwa.

Annet alikuwa amesimama muda wote kando ya jiwe, shuka limekunjwa kifuani, akingoja zamu yake. Hakuelewa kwamba zamu yake imeshapita.

"Langu ni hili," alisema. "Chimbeni hapa."

Mtu wa afya aliinama, akasoma msalaba. "Mama, ulimwambia nyapara mtoto alizikwa lini?"

"Zamani. Kabla ya lami. Mzee Kagiri alikuwa hai."

"Hapa imeandikwa elfu mbili na kumi na tisa."

Njambi alisema babake alikufa miaka mingi kabla ya hapo. Nilisikia Muia akivuta pumzi nyuma yangu. Alijitokeza, nampa haki yake, akasema ni yeye aliyeandika, ni makosa yake, mwaka ni wa kubahatisha. Lakini fikiria: mtu mwenye vumbi la mbao za misalaba yote kwenye kucha zake anasema huu mmoja ndio wa kweli. Vijana walimpigia makofi. Nami nilipiga kelele kwamba Annet aliniambia mapema, kabla ya wote, na Njambi akaniuliza kama nami nina maiti niliyoisahau.

Annet alimgeukia Geoffrey. Yule kijana alikuwa na simu sikioni, na sauti iliyokuwa ikitoka humo tuliisikia sote, ikimuuliza ni nani atalipa siku ambazo mashine ililala kwa sababu ya gunzi la mahindi. Alipomaliza hakumtazama usoni.

"Mathe, mimi nilikutrust," alisema.

"Basi nipe jembe nichimbe mwenyewe. Nikikosa, nifunge."

Nadhani alitaka kukubali. Aliangalia jiwe, akaangalia vijana waliokuwa wakicheka, akaangalia simu yake. Kisha akamwambia dereva awashe.

Askari wawili wa mjengo walimshika Annet. Hawakumpiga, walimshika tu mikono, na shuka likaanguka matopeni. Hakupiga mayowe. Aliendelea kumwambia dereva wa tingatinga, "Polepole, baba. Polepole hapo." Tingatinga iling'oa jiwe, ikazamisha meno chini ya upenu, ikanyanyua udongo mara moja na kuumwaga kwenye lori. Kama kulikuwa na kitu ndani yake, hakuna aliyekiona, maana hakuna aliyeangalia isipokuwa yeye, na yeye haoni vizuri. Lori lilijaa, likaondoka, jingine likaja.

Jioni alimpata dereva wa lori, mtu anayeitwa Kyalo, kwenye kibanda cha chakula. Alishika mlango wa lori, akasema hatauachilia mpaka aambiwe mzigo wa kwanza wa nyuma ya ploti ulimwagwa wapi. Kyalo akamwambia Lindi, kule Kibera, kando ya mto, mahali watu wanapojaza bonde ili wajenge. Annet alimshukuru. Alimshika mkono.

Victor sasa ana duka la simu chini ya ghorofa iliyojengwa kwenye ploti yetu, kwa mkataba na kampuni. Whitney alihamia Kianda. Mimi bado nauza sukuma kwenye kona ile ile, ila sasa nauzia Lavington Magharibi, na mlinzi wa lango hunifukuza kila saa. Annet alienda Lindi. Alipoonyeshwa bonde lililojazwa, alingoja hapo mpaka vyumba vikajengwa juu yake, akapanga kimoja. Ni kibovu kuliko vyote. Mvua ikinyesha mto unaingia mpaka kitandani. Mwenye nyumba ameshajua kwamba mama huyu hahami kwa lolote, kwa hiyo kila mwaka anampandishia kodi yeye peke yake.

Mwezi uliopita Kyalo alisimama kwenye meza yangu kununua nyanya. Nilimuuliza kama kweli ule udongo ulienda Lindi.

"Mama Kavindu, siku hiyo nilibeba lori nyingi sana. Zingine zilienda kwa barabara mpya, zingine Mashimoni, zingine sijui wapi. Ningejuaje?"

"Kwa hivyo ulimdanganya."

"Alikuwa ameshika mlango. Nilikuwa na njaa. Ulitaka niseme nini?"

Sikumuuzia nyanya. Nilifunga meza, nikaenda Lindi, njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta Annet amepiga magoti, akiusawazisha udongo wa sakafu kwa viganja. Alifurahi kuniona, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alinipa chai. Akaniambia mtoto sasa amempa jina, Mukhwana, jina la babu yake, baba wa Khaemba, na kwamba akiamka asubuhi humsalimu kabla ya kuvaa viatu. Alisema yeye mwenyewe amenenepa tangu ahamie hapo. Hajanenepa.

Akaniambia pia kwamba kuna watu wenye fulana za rangi wamekuja kupima, wanapiga alama kwenye milango, inasemekana serikali inataka kuleta maendeleo Lindi. Aliingiza mkono chini ya kitanda akavuta jembe jipya, ambalo mpini wake bado una karatasi ya dukani.

"Safari hii simwambii mtu," alisema. "Siku nikisikia mashine, nachimba mwenyewe, nampeleka kwa babake. Wewe utanishikia taa."

Nilibandua karatasi kwenye mpini, nikamrudishia jembe. Nilimwambia sawa, nitashika.