Bibi Harusi Aliyekwama Ndani ya Gari Langu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine wakatia chumvi: ndiyo, ni mimi yule mama aliyemfungia binti yake ndani ya gari mbele ya kanisa, mjini Eldoret, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Aibu niliipata, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini kuomba msamaha? Ng'o!

Gari lenyewe, la milango minne na la zamani hata wakati huo, marehemu mume wangu alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba arudi kwao, akalifungua lote ili alitengeneze upya, kila nati kwenye mkebe wake, halafu akafariki (Mungu amlaze pema, lakini kwa kuacha kazi nusunusu hakuwa na mwenzake). Mdogo wake, shemeji yangu Karanja, akataka kulichukua aliuze kama vyuma chakavu. Karanja alikuwa mkubwa wa chama huku kijijini kwetu Ziwa, beji kwenye koti hata akienda kukamua ng'ombe, na enzi zile za chama kimoja mtu kama huyo akisema jambo mnaitikia tu. Mimi sikuitikia. Nilisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba gari hilo nitaliunganisha mwenyewe na ndilo litakalompeleka binti yangu Wairimu kanisani siku ya harusi yake. Lisipofika, Karanja alichukue. Mzee Gathogo, mkubwa wa ukoo, akakubali.

Sasa, kuunganisha gari si kazi ya kubahatisha. Nilimshikia mume wangu spana siku zote za uhai wake, kwa hivyo sheria niliijua: kilichotoka mwisho ndicho kinachorudi kwanza. Nikatandika magunia kwenye stoo ya mahindi, nikapanga vitu kwa mstari kama mtu anayemwandalia mtoto nguo, shati kabla ya sweta. Kwenye milango, loki kwanza, halafu vile vyuma vyembamba vinavyounganisha loki na hendeli, halafu ndipo unafunika kwa kava. Mlango wa dereva niliumaliza hivyo hivyo. Mitatu iliyobaki ilikuwa na loki bila vile vyuma, na nikitaka kufungua nilikuwa naingiza kidole kwenye tundu la ndani na kuvuta.

Wiki ya harusi Karanja akaja na rafiki zake, akachungulia, akaona milango iko uchi.

"Shemeji, hii ni gari ama ni nyumba ya kuku?"

Wakacheka wote, na damu ikanipanda. Walipoondoka tu nikachukua zile kava nyekundu nilizozishona mwenyewe, nikazipigilia kwenye milango yote mitatu, nikajiambia vyuma nitaviweka baadaye, muhimu kesho aje aone. Akaja, akaona, akanyamaza, na kwa utamu wa kule kunyamaza kwake mimi nikasahau vyuma kabisa! (Milango niliiacha wazi rangi ikauke, kwa hivyo sikuwa na sababu ya kuijaribu.)

Asubuhi ya harusi, upande wa bwana harusi walipokuja kumchukua Wairimu, tuliwafungia geti kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, waimbe, wabembeleze, watoe zawadi, ndipo waingie. Wakaimba, tukawafungulia. Wairimu akapanda nyuma, shangazi zake wakaibamiza milango, pa! pa!, mimi nikashika usukani, na gari likaenda mpaka mjini bila hata kukohoa.

Kanisani nikashuka kwa maringo, nikavuta hendeli ya mlango wa nyuma. Ikaja legelege, haijashika kitu. Upande wa pili, vilevile. Hapo ndipo nilipokumbuka vyuma, na jasho likanitoka, maana kuruka kiti cha mbele na lile gauni kungehitaji trekta. Nikaegemeza mgongo kwenye mlango, nikatabasamu.

Shangazi wa bwana harusi akashika kiuno. "Ati mmeanza tena? Geti haikutosha, sasa ni mlango ya gari?"

Ningeweza kusema ukweli. Badala yake nikainua kidevu: "Binti yangu hatoki bure!"

Basi wakaanza kuimba. Wakaleta sukari, nikapokea, wakaleta blanketi, nikapokea, huku nikimnong'oneza Wairimu dirishani, "Ng'oa kava! Ingiza kidole kwa tundu, uvute!"

"Mami, na glavu yangu?"

"Ng'oa!"

Padri alikuwa ametoka nje na anatazama saa yake wakati kava iliponyofoka kwa kishindo, kipande chekundu kikaruka dirishani na kutua juu ya kilemba cha yule shangazi wa bwana harusi. Nyimbo zikakatika.

"Si desturi hiyo!" Karanja akapiga kelele. "Ni mlango imekataa!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Shangazi akadaka blanketi, "Rudisha!", akavuta huku, nami nikavuta huku, na hapo hapo mlango ukafunguka nyuma yangu ukanirusha chini, nikapiga magoti miguuni pa Padri nikiwa nimelikumbatia blanketi. Wairimu akaniruka na glavu yake nyeusi tititi kwa grisi, akaenda kuolewa.

Baada ya misa Karanja akaninyooshea mkono mbele ya watu. "Gari imeshindwa. Leta ufunguo."

Vumbi lilikuwa bado magotini pangu, na niliogopa, nisiwadanganye. "Tulikubaliana ifike," nikamwambia. "Imefika ama haijafika?"

Watu wote wakaiangalia ile beji. Mzee Gathogo akazunguka polepole mpaka mlango wa dereva, akaingia, akajisogeza na mkongojo wake mpaka kiti cha abiria, akakaa vizuri.

"Mama Wairimu, nipeleke nyumbani. Na tukifika usinifungulie mpaka waimbe."

Hata Padri alicheka. Mkono wa Karanja ulibaki hewani na mimi nikawasha gari.

Nimeapa tangu siku ile kwamba sitapanga kazi yangu kwa kufuata kicheko cha mtu; kava ni ya mwisho, na anayetaka kucheka kabla ya hapo acheke mpaka mbavu zimuume. Gari ni langu mpaka leo. Blanketi nalo sikulirudisha.