Ndege ya Kiti Kimoja

Watu wa uwanjani walimwita Mama Msasa, naye hakuona ubaya, maana viganja vyake vilikuwa vimekauka na kukwaruza kama msasa wenyewe. Alikuwa fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiziba na kulainisha mabawa ya ndege zisizo na injini, ndani ya banda la mabati kando ya uwanja wa majani, na muda wote huo hakuwahi kupanda juu kuliko ngazi yake.

Zote alizitunza, ila moja ilimkaa moyoni: ile nyeupe ya daktari wa meno. Katika mashindano ilikuwa ya daraja la kawaida, na sheria za daraja hilo hazina huruma: mabawa yasizidi mita kumi na tano toka ncha hadi ncha, wala yasiwe na vipande vya kukunja ili kubadili umbo lake angani.

"Zile nyingine zina ujanja," alimwambia mumewe, fundi viatu. "Hii haina pa kujificha. Bawa likikosewa, limekosewa."

Ikiwa kwenye kimo cha kilomita moja na hewa imetulia, ingeweza kwenda kilomita arobaini kabla ya kugusa chini. Kinundu kidogo tu kwenye ukingo wa bawa kingeipunguzia safari. Basi Mama Msasa alikuwa akifumba macho na kupapasa taratibu, akitafuta kile ambacho jicho halikioni.

"Na wewe utapanda lini?" mumewe aliuliza, huku akigonga soli.

"Ina kiti kimoja."

"Sikuuliza viti."

Akainuka kwenda kupakua chakula.

Mwaka huo daktari alitua vibaya kwenye shamba lililolimwa, mkia ukapasuka. Mama Msasa aliuunga kwa wiki tano. Faiba mpya iliongeza uzito, na mkia ukiwa mzito kupita kiasi ndege haishikiki, hivyo ilibidi ipimwe upya na mtu akiwa ndani. Asubuhi ya kupima, daktari akapiga simu: amepata mgonjwa wa dharura. Mkaguzi aliyekuja na mizani akamtazama fundi juu mpaka chini.

"Samahani dada, una kilo ngapi?"

"Themanini na mbili. Na usinitazame hivyo."

"Zinatosha kabisa. Panda."

"Miaka yote naambiwa nipungue," alisema akivua viatu, "kumbe uzito wangu ulikuwa unasubiri kazi!"

Ndani alijikuta amelala zaidi kuliko kukaa. Kifuniko cha kioo kikafungwa, kelele za banda zikafifia. Mkono wake ukakuta fimbo ya kuongozea. Akaisogeza kidogo, na kule mbali, karibu na ncha ya bawa, kile kipande cha kuinamisha ndege upande, alichokilainisha mwenyewe, kikainuka.

"Usitikisike!" mkaguzi alipaza sauti, macho kwenye mizani.

Akatulia. Mbele yake mlango wa banda ulikuwa wazi, na kupitia pale aliona uwanja mzima na anga lake.

"Tayari. Shuka."

Hakushuka.

"Dada?"

"Nimekusikia."

Jumamosi iliyofuata alimwendea mwalimu wa kurusha ndege wa klabu ya pale uwanjani bila kumwambia mtu. Akakalishwa kiti cha mbele cha ndege ya mafunzo, nzee, ya viti viwili. Kamba ikawavuta mpaka juu. Ilipoachiwa, ukabaki mvumo wa upepo tu. Mama Msasa alicheka, kisha machozi yakamtoka, asijue ni ya nini.

"Mbona tunashuka upesi?"

"Hii ndege ni bibi kizee, mama," mwalimu alijibu nyuma yake. "Safari zake fupi."

Hapo ndipo ile nyeupe ilipopita juu yao, daktari ndani, ikizunguka kwenye hewa ya moto inayopanda. Akauona mkia aliouunga, hauna hata alama. Ndege ikanyoosha pua, ikaenda zake bila haraka. Aliisindikiza kwa macho mpaka ikawa kistari, kisha hakuna kitu.

Sasa ameshapata masomo kumi na mawili. Mwalimu anasema kufika kwenye kiti kimoja kutamchukua misimu miwili, pengine mitatu. Daktari hajui kitu. Mara mbili Mama Msasa amemkaribia kumwomba siku moja airushe ile nyeupe, neno likiwa mdomoni kabisa, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kama mikanda ya kiti inambana.