Mapazia ya Madirisha Kumi na Moja

Najua mtasema hizi ni stori za mafundi, na kweli mafundi tuna sifa ya uongo. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, futi ya kupimia shingoni, sijalala wala sijaota. Ushahidi ninao ndani ya sanduku. Anayebisha aje Kidahwe aguse kwa mkono wake.

Mimi ni fundi wa mapazia. Wakati ule nilikuwa na kibanda Ujiji, barabarani kabisa, cherehani mbili na sifa moja niliyojivunia kuliko zote: sijawahi kumchelewesha mteja. Mnawajua mafundi. Nguo ya Idi unaipata Idi imeshapita, na kila ukienda unaambiwa bado vifungo tu, njoo Ijumaa. Mimi sikuwa hivyo. Kitambaa cha mtu kikishaingia mikononi mwangu, usingizi siupati mpaka kitoke kikiwa pazia. Mafundi wenzangu walininunia, wakasema nawaharibia soko, na mimi nikazidi kutembea kichwa juu.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Niseme alikuwa. Kwa wasioijua Kigoma niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Ukisimama ufukweni usiku kama huo unaona ziwa zima limewaka, utadhani kuna jiji huko mbele. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, dagaa hawaifuati. Boti zote hupandishwa mchangani, wanaume wanaziba nyavu, wanalala mchana, wanagombana na wake zao. Siku hizo tunaziita mbalamwezi, na ziwani hakuwi na taa hata moja. Hilo kila mtoto wa Ujiji analijua.

Basi ilikuwa mbalamwezi. Jua linazama, nafunga kibanda, gari likasimama mbele yangu. Jamani, gari! Jeusi, refu, linang'aa, na kwa barabara yetu ile ya vumbi halikuwa na hata chembe ya vumbi. Akashuka dereva mtanashati, suti ya kijivu, kofia kaibana kwapani kwa adabu.

"Asalaam aleikum, Bi Fundi," akasema. "Tajiri yangu amekamilisha nyumba, bado mapazia. Amesema nimletee fundi yule asiyechelewesha."

Mnaona alivyonipata? Angesema fundi hodari ningemuuliza maswali. Aliposema asiyechelewesha, nilijikuta nimeshashika mkoba.

"Ni mbali?" nikauliza.

"Hapa hapa. Nitakuzungusha mjini kidogo kwanza, uone hadhi ya mtaa, ndipo ujue kitambaa gani kinafaa."

Akanifungulia mlango wa nyuma. Mimi gari la fahari nalijulia kwenye harusi za watu, tena kwa kusimama kando na kupiga vigelegele. Nikaketi. Kiti kikanipokea taratibu, kikanikumbatia mgongo wote. Zulia la chini lilikuwa na unyevunyevu, nikadhani wameliosha. Hewa ya mle ndani ilikuwa baridi, ina harufu ya ziwa alfajiri. Tulipopita kwenye kibanda cha fundi mwenzangu mmoja aliyekuwa akinisema sana, nikampungia mkono kwa madaha. Hakuniona, vioo ni vyeusi. Niliumia, niaminini. Siku moja maishani ya kuonwa, na vioo ni vyeusi!

Tukaifuata barabara ya Kigoma, kisha kabla ya Mwanga tukakata kushoto, kuelekea majini. Ninaijua njia ile, ina mashimo ya kuharibu mimba. Siku hiyo gari halikutikisika hata kidogo. Halikuwa na mlio pia. Tukawa tunateremka, tunateremka, na mwezi umetokeza nyuma yetu mkubwa kama sinia, mpaka nikaanza kusinzia kwa raha. Nilipofumbua macho tulikuwa mjini.

Niueleze vipi mji ule? Taa. Taa huku, taa huku, safu kwa safu, za manjano na za kijani hafifu, na mwanga wake hautulii, unacheza ukutani taratibu. Majumba ya vioo yamepanda mpaka shingo inachoka kuyatazama. Barabara pana, nyeupe, mchanga mtupu uliochanwa vizuri. Watu wametoka kutembea jioni, wamevaa nguo ndefu, na nguo zao zinapepea polepole ingawa sikuona jani likitikiswa na upepo. Hakuna aliyeharakisha. Hakuna honi, hakuna muziki wa baa. Maduka ya vitambaa yalikuwa wazi, hariri zimetundikwa milangoni, nazo zinajikunja na kujikunjua zenyewe. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Miaka yote nimeshona mapazia ya vyumba vya kupanga, kumbe watu wanaishi hivi, tena karibu na kwetu?

Juu yetu walikuwa wakipita ndege wadogo weupe, maelfu kwa maelfu, kimya, wakigeuka wote mara moja kama walioamrishwa. Nikasema, "Ndege wazuri hawa." Dereva akatabasamu kwenye kioo. Mke wa mvuvi mzima nimekaa nyuma ya gari nasifia ndege! Ndege gani hugeuka vile? Vile hugeuka dagaa. Lakini uzuri ulikuwa umenilewesha, na sikujiuliza hata zile taa zimetoka wapi siku ya mbalamwezi. Nilijisemea wawekezaji wamefika, Kigoma imekua bila sisi kuambiwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa, peke yake. Ngazi za mawe, baraza pana linalotazama taa zote, na kiti kimoja tu cha kuegemea pale barazani. Nikaingia na futi yangu. Nilipima madirisha kumi na moja, nikaandika kwenye daftari. Sebuleni nilikuta robota la kitambaa cha bluu, bluu ile ya ziwa saa nne asubuhi.

"Tajiri anapenda rangi gani?" nikauliza.

"Chagua kama unamchagulia wa kwako," dereva akasema.

Basi mdomo wangu ukafunguka. Nikasema bluu hii hii, maana mume wangu angeipenda. Nikasema Baba Salma angekuja hapa asingetoka, angekaa kwenye kile kiti cha barazani mpaka tumpelekee chakula. Nikacheka. Dereva naye akacheka kidogo.

"Baba Salma jina lake hasa ni nani?"

Sasa sikilizeni. Mimi nimelelewa Ujiji. Mume wangu simtaji kwa jina, hata tukigombana. Mama yangu alikufa sijamsikia akimtaja baba. Kwenye boti wenzake wanamwita Kaka Mkubwa, mtaani Baba Salma, yamekwisha. Lakini pale, kwenye zulia lile, nikiulizwa kwa upole namna ile kama bibi mwenye nyumba, niliona kuficha ni ushamba. Nikalitaja. Lake, la baba yake na la babu yake.

Dereva akainamisha kichwa, kama mtu aliyemaliza kazi. Akalibeba robota, akalipakia garini. Sikuuliza hata bei.

"Ukimaliza kushona tu," akasema, "mwenye nyumba atahamia."

Aliponishusha mlangoni kwangu, adhana ya isha ndiyo kwanza ilikuwa inaisha. Mzunguko wote ule, na haukuchukua hata saa moja na nusu! Nikaingia ndani nikiimba, robota begani. Mume wangu alikuwa anavaa kanzu aende msikitini. Nikamsimulia moto moto, gari, majumba, taa zile. Nilipofika kwenye taa aliacha kufunga vifungo.

"Taa gani, Mama Salma? Boti zote ziko mchangani. Nimetoka ufukweni Kibirizi sasa hivi, ziwa ni jeupe kwa mwezi, halina taa hata moja."

Nikaishika futi shingoni, ilikuwa imeloa chapachapa. Daftari nalo, karatasi zimevimba.

Akakaa kitandani. Wavuvi huamini kwamba wa ziwani wakishapewa jina la mtu, humdai mwenyewe. "Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

Nilimdanganya, Mungu anisamehe. Nilimwangalia machoni mume wangu wa miaka kumi na tisa, nikasema sikukutaja.

Asubuhi nikaenda kwa shehe wa mtaani kwetu, mzee mpole anayependa mzaha. Safari ile hakutania. Nilimweleza yote, na jina pia, maana yeye singeweza kumficha. Nikamwambia nataka kulitupa robota. Akasema, "Kitambaa cha mteja ni amana, ukikitupa umejiongezea balaa. Kiweke. Lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba fundi lazima amalize haraka." Akanitazama. "Wenzako wanafanyaje?"

Nikaelewa: mapazia yasipokwisha, mume wangu hahamii kule. Nikalifungia robota sandukuni.

Mbalamwezi ilipokwisha na siku za giza kuingia, boti zikateremshwa. Usiku wa kwanza mume wangu akatafuta koti lake la mvua, mimi nikajitupa sakafuni nikijifanya tumbo linanikata. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Akabaki kunikanda kwa maji ya moto, na nafasi yake kwenye boti akaishika rafiki yake Sudi. Usiku kucha sikulala, nikijiuliza nimemponya mmoja nimemuua mwingine? Kulipokucha Sudi alikuja mwenyewe, mzima, na ndoo ya dagaa mkononi. Boti ilikuwa imerudi imejaa mpaka pomoni, na hakuna aliyekwaruzwa hata kidole. Nililia kwa furaha. Mume wangu alininunia: mavuno kama yale, naye yuko nyumbani anakanda tumbo lisilouma!

Ndipo Sudi akasema, "Yebabawe, jamani, ila jana kulikuwa na jambo. Kuna mtu huko katikati ya ziwa alikuwa anaita. Anataja jina refu, la mtu, la baba yake na la babu yake. Sisi tukaulizana huyo ni nani, mpaka mzee mmoja wa kwenye boti akakumbuka, si Kaka Mkubwa huyo? Tukamjibu hayupo. Akauliza mapazia ya bluu yamefikia wapi."

Robota lile nilikuwa sijamwonyesha mtu isipokuwa mume wangu. Rangi yake Sudi angeijulia wapi?

Mume wangu hakunipiga, hakunifokea. Afadhali angefoka. Alilitundika koti la mvua msumarini na kusema, "Fungasha." Wiki ile ile tukahamia Kidahwe, kwenye shamba la mjomba wangu, mbali na maji. Akawa mkulima wa maharage, mtu ambaye hakuwahi kushika jembe tangu azaliwe. Hajalalamika. Lakini nimemvunja, najua, na kila nikimwona amesimama mwisho wa shamba anatazama magharibi, moyo unaniuma kama jana.

Ningemalizia hapo kama kisa kingeishia hapo. Mwaka wa kwanza alikuwa akiniambia, "Hebu nieleze tena ile nyumba." Nikadhani ni udadisi, nikawa namweleza, ngazi, baraza, kile kiti. Mwaka wa pili nikakataa. Akasema si neno, akaanza kunieleza yeye. Akanieleza vyumba vya nyuma, na mimi vyumba vya nyuma sikuingia.

Kisha mbalamwezi moja nikarudi kutoka sokoni mchana, nikasikia cherehani yangu inalia ndani. Mume wangu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Nikamkuta ameketi, miguu inakanyaga taratibu, macho yako wazi lakini hayanioni, na ile bluu inamwagika magotini mpaka chini. Anapinda upindo mzuri kuliko wangu. Nilimwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa jina lake, mara ya pili maishani mwangu, ndipo akashtuka, akaniuliza kwa nini nalia.

Alikuwa amemaliza mapazia ya madirisha manne.

Nimeficha sindano, nimeuza cherehani moja, nyingine nimeitoa mkanda. Hata hivyo sindano huzipata, hushona kwa mkono. Kila mbalamwezi anashona, na siku za giza zikiingia, yeye amelala, nachukua wembe na kufumua uzi mmoja mmoja. Mbalamwezi iliyopita alifika dirisha la kumi na moja, amebakiza upindo wa shibiri moja. Nilifumua mpaka vidole vikatoka damu. Mimi, fundi niliyekuwa nikiwacheka wenzangu, sasa nina kazi ya mteja iliyochelewa miaka sita, na naomba Mungu ichelewe mpaka nife mimi kwanza.

Kwa hiyo nawaambieni. Mkiona taa ziwani na mwezi umejaa, geuzeni mgongo mwende nyumbani, hata mkifunguliwa mlango wa gari na mtu mwenye adabu. Jina la mtu mnayempenda lifungieni kinywani. Na wewe unayemgombeza fundi wako kwa kukuchelewesha, mvumilie kidogo. Ukipita Kidahwe ukamwona mwanamke barazani anafumua pazia zuri la bluu kwa wembe, usisimame. Na tafadhali, usiniambie linapendeza.