Kilomita Sitini na Moja

Pelagia hakuwa mtu wa kupendwa, na mwenyewe alilijua hilo. Wanawake wenzake sokoni Tabora walimwita Mama Gerson usoni, na majina mengine alipowapa mgongo. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mrefu, mkavu wa maneno, na maziwa yake hayakuwa na maji. Mteja aliyethubutu kuuliza kama yamechanganywa alirudishiwa chupa yake tupu na kuambiwa akanunue kwingine.

Maziwa hayo yalitoka mbali. Kutoka nyumbani kwake Kitete hadi kwenye zizi la Shilinde, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa pili wa Igalula, ni kilomita arobaini na sita, nyingi zikiwa za vumbi na mchanga. Kwenda na kurudi ni tisini na mbili. Kwa miaka sita kazi ya kuyafuata aliifanya shemeji yake Eustace, mdogo wa mumewe, kwa pikipiki yake ya petroli. Pelagia alimngoja mjini, akipokea keni mbili za lita arobaini arobaini, na karibu kila wiki wakagombana. Eustace alichelewa, au alipitia kwa rafiki zake huku keni zikichomwa na jua. Mwezi wa sita mwaka jana alifika sokoni saa saba mchana, na maziwa yote yalikuwa yameharibika. Jioni ile Pelagia alimfuata kwa mama mkwe wake, Bibi Agnetha, akamwambia mbele ya mzee kwamba ni mvivu na kwamba hajui kuona aibu.

Eustace hakuomba radhi. Alisema bila yeye shemeji angekuwa anauza maji ya bomba. Bibi Agnetha aliangalia pembeni. Samweli, mume wa Pelagia, fundi uashi asiyependa kelele, aliinuka akatoka nje, na Pelagia akaelewa yuko upande gani.

Wiki hiyo hiyo aliuza ng'ombe wake wawili, wale aliowaacha kwa Shilinde wazaliane, akaenda kwenye duka la Renatus.

Renatus alikuwa mwenyeji aliyekaa Dar es Salaam miaka minane na kurudi na maneno ya huko na viatu vyeupe. Aliuza pikipiki za umeme. Juu ya mlango wa duka alitundika bango kubwa lililosema kwamba chaji moja ni kilomita mia na ishirini. Pelagia alilisoma mara mbili, akamweleza safari yake yote: mchanga, keni mbili, tisini na mbili kwenda na kurudi. Renatus alimwambia asiwe na hofu, atarudi na chaji ya kumpeleka kanisani. Kuendesha Pelagia alikuwa anajua tangu usichana wake, alipofundishwa na katekista wa parokia yao. Akalipa, akaondoka nayo.

Safari ya kwanza alitoka alfajiri. Kwenda kulikuwa kuzuri, chombo hakipigi kelele, na saa moja na nusu alikuwa zizini. Shilinde alimjazia keni, wakazifunga kwa mpira. Kurudi, alipopita Igalula, alama ya chaji ilianza kushuka haraka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kwenye safu ya miembe ya njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo hakuna nyumba hata moja, pikipiki ilipunguza mwendo, ikatambaa, ikasimama. Aliangalia namba. Kilomita sitini na moja.

Aliisukuma kwenye mchanga kwa zaidi ya saa moja. Jua lilipanda. Akasikia injini nyuma yake, akajua ni nani kabla hajageuka, kwa sababu ekzosi ile ilikuwa imetoboka tangu Pasaka. Eustace alikuwa anatoka Igalula kupeleka abiria na sasa anarudi mtupu. Alisimamisha pikipiki, akaweka mguu chini, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amelowa jasho hadi kiunoni.

"Shemeji," alisema, "zile mia na ishirini zimeisha?"

Pelagia aliendelea kusukuma. Eustace alingoja kidogo, labda aombwe. Alipoona haombwi, alikanyaga gia akaenda zake, na vumbi lake likatua juu ya keni. Lita themanini zilimwagwa siku ile kwenye mtaro.

Kesho yake asubuhi Pelagia alikuwa dukani. Renatus alimwamkia shikamoo, naye hakuitikia marahaba. Alieleza yaliyotokea. Renatus alimsikiliza akitabasamu kwa ajili ya wateja wawili waliokuwa ndani, kisha akasema tatizo ni uendeshaji. Akina mama wanavuta mafuta kwa nguvu kana kwamba hii ni ya petroli, na isitoshe mama mwenyewe ana mwili. Pelagia alimwambia alete mizani. Renatus akatoa kijitabu chenye maandishi madogo ambayo Pelagia ilimbidi akisogeze mlangoni ili ayaone. Mle ndani iliandikwa kwamba hizo mia na ishirini ni za mtu mmoja wa kilo sitini, asiye na mzigo, kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa kilomita ishirini na tano kwa saa.

"Mbona bangoni hayapo haya?" aliuliza.

"Bango ni dogo, mama."

Lilikuwa na urefu wa kitanda. Pelagia alianza kupandisha sauti, na Renatus akamwambia kwamba kama amekuja kumfukuzia wateja ataita polisi. Pelagia akatoka. Nyumbani, Samweli alimwambia tu kwamba angemwachia Eustace kazi yake yasingetokea haya. Kwa muda wa miezi miwili baada ya hapo walizungumza habari za unga na za ada ya shule, basi.

Mtu mwingine angeiuza pikipiki ile kwa hasara. Pelagia aliamua kuijua. Kwa majuma matatu, huku maziwa machache yakiletwa na basi na mengi yakipotea, alikuwa akiichaji hadi ijae, anaiendesha mpaka izime, na anaandika. Aliijaribu kwenye lami ya kwenda Nzega, peke yake, polepole kiasi cha kupitwa na baiskeli za mkaa. Aliijaribu na keni moja, na mbili, kwenye lami, kwenye mchanga, upepo ukiwa mbele, upepo ukiwa nyuma. Kila ilipozima aliisukuma hadi kwenye nyumba yenye umeme na kuomba kuchaji, na mara nyingi alinyimwa. Wenye pikipiki za petroli walimzoea. Walipiga honi walipompita, na mmoja alikuwa akimuuliza kila siku kama anaipeleka malishoni.

Alipomaliza alichukua ubao wa plaiwudi, akaandika kwa rangi nyeusi, akautundika kwenye kibanda chake cha maziwa. Peke yako, polepole, lami: mia na nne. Keni moja, lami: themanini na tatu. Keni mbili, mchanga: sitini na moja. Chini yake aliandika jina la duka la Renatus na namba ya bango lake: mia na ishirini.

Watu walisoma. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekwisha kuahidi kununua alikuja kumuuliza, naye akamwonyesha daftari lote. Fundi wa vyerehani naye akaja, kisha wawili kutoka Uyui. Mwishoni mwa Agosti, Renatus mwenyewe alifika kibandani, amekunja uso, akamtaka aushushe ubao ule mara moja. Alisema ni uongo, alisema betri ameiharibu mwenyewe, alisema atampeleka mahakamani. Soko lilikuwa limejaa. Eustace alikuwepo, amekaa kwenye pikipiki yake, anakula muwa.

Pelagia aliendelea kumpimia mteja maziwa mpaka chupa ikajaa.

"Chukua mpya dukani kwako," alisema. "Ichaji mwenyewe. Jumapili tunakwenda kwa Shilinde, wewe unaendesha. Keni nitakujazia maji, maziwa yangu sichezei. Ukifika Kitete, naushusha ubao na ninauchoma hapa hapa."

Renatus alitazama huku na huku. Watu wengi mno walikuwa wamesikia. Akakubali.

Ilibaki shida moja, kwamba Pelagia alihitaji wa kumbeba ili afuate nyuma, na hakuna aliyetaka kuchafuliana na Renatus. Eustace alitupa ganda la muwa akasema atambeba yeye. Hakusema kwa wema. Alitaka kuona mmoja wao anaaibika, na hakujali ni nani.

Walitoka saa nne, baada ya misa ya kwanza. Renatus alivaa viatu vyake vyeupe. Alikwenda taratibu sana, amejilaza mbele ili asikamate upepo, na kwa kwenda alifanya vizuri, kiasi kwamba Pelagia, nyuma ya mgongo wa shemeji yake, alianza kuogopa. Zizini walijaza keni kwa maji ya kisima. Shilinde aliwakaribisha mtindi, ukawashinda kwa sababu hakuna aliyetaka kunywa mbele ya mwenzake, na mzee yule akabaki ameshika kibuyu.

Kurudi walipita Igalula. Walipita mahali pa kilomita sitini na moja, na Renatus akageuka nyuma na kucheka. Kilomita tatu baadaye, kwenye mchanga, pikipiki mpya ilitambaa na kuzima. Sitini na nne.

Renatus alizungusha mkono wa mafuta mara kadhaa. Akashuka.

"Upepo," alisema.

Upepo wa kiangazi kule unatoka mashariki, nao ulikuwa unawapiga mgongoni. Hata Eustace aliinama kuficha uso. Renatus alisimama kwenye mchanga uliomfunika viatu, na kwa sauti ambayo Pelagia hakuwahi kuisikia dukani, alisema yeye hajawahi kuendesha hata moja nje ya mji. Hiyo mia na ishirini aliletewa ikiwa imekwisha kuandikwa, akaipeleka kwa mchora mabango. Anazo tisa ndani, alisema, anakula nini asipoziuza?

"Ungeendesha moja kwanza," Pelagia alimjibu. "Mimi nimeendesha wiki tatu kwa chombo kimoja."

Akampandia Eustace nyuma. Renatus aliuliza kama kweli wanamwacha pale, na jua lile.

"Maji ya kunywa unayo," Pelagia alisema. "Lita themanini."

Waliondoka. Alikuwa ametegemea furaha, na kwa kilomita chache aliitafuta. Alichokuta ni maumivu ya mgongo na hasira ile ile, kwani kesho yake bado angekuwa na pikipiki ya sitini na moja na safari ya tisini na mbili. Lakini alikuwa na namba, na namba yake ilikuwa ya kweli. Akaanza kuhesabu kichwani. Kutoka kwake kwenda zizini, kisha kurudi hadi Igalula, ni hamsini na mbili. Hamsini na mbili inafika, hata na keni mbili, hata siku mbaya. Kutoka Igalula hadi mjini ni arobaini. Arobaini inafika pia, kama pale Igalula kuna betri nyingine iliyojaa inayomngoja.

Jumatano alimwendea Zuwena, mshonaji anayeishi karibu na stesheni ya Igalula, mwanamke wa mjini aliyeolewa huko, wakapatana kwamba betri itachajiwa kwenye chumba chake cha vyerehani kwa maziwa ya kila siku. Ijumaa akaenda kwa Renatus. Bango lilikuwa bado lipo. Pelagia alimwambia ubao hatoushusha, ila akimpa betri ya pili ataongeza mstari mmoja: keni mbili, mchanga, betri mbili, anafika. Watu wa vijijini wakiusoma huo watanunua betri mbili mbili.

Renatus aliingia ndani, akatoka na betri, na badala ya kumkabidhi akaiweka chini nje ya kizingiti, ili Pelagia ainame mwenyewe kuiokota.

"Sikupi kwa kukupenda," alisema.

"Sijakuja kupendwa."

Akainama, akaibeba begani, kilo ishirini na kitu, akatembea nayo hadi Kitete. Mstari aliuandika jioni ile ile, kwa herufi za ukubwa ule ule wa mistari mingine. Wiki mbili baadaye mchora mabango alionekana juu ya ngazi mlangoni kwa Renatus. Hakuandika namba nyingine. Aliifuta tu ile, na pakabaki doa jeupe.

Tangu Septemba Pelagia anaifanya safari kila siku isipokuwa Jumapili. Saa tatu na nusu maziwa yapo sokoni. Akipita mbele ya duka, Renatus hugeuza kiti. Waendesha petroli hawampigii honi tena. Wawili kati yao wameuliza bei, na hawakumuuliza yeye.

Eustace alikosa kazi ya maziwa na hakupata ya maana badala yake. Alikwenda Nzega kubeba wachimbaji wa dhahabu, akaondoka bila kumuaga kaka yake, na lawama zote zikaangukia mlangoni kwa Pelagia. Samweli hakulisema hilo, ila siku hizi hupeleka chakula cha jioni kwa mama yake na kula huko huko. Kila Jumatatu Pelagia humtumia Bibi Agnetha chupa ya maziwa ya asubuhi, kwa sababu ni mkwe wake na ndivyo inavyopaswa. Chupa hurudi jioni imejaa, haijafunguliwa. Pelagia huyachemsha, huyanywa mwenyewe akiwa amesimama jikoni, kisha huenda kuiangalia taa ya chaji kama imekuwa ya kijani.