Bakuli la Bibi na Pipa la Uji

Sauti ya bakuli la kwanza bado naisikia. Mahindi yakianguka kwenye pipa tupu la plastiki yanapiga kelele kama mvua inayoanza kwenye bati, halafu kadiri pipa linavyojaa sauti inafifia. Nililipenda pipa lile kuliko kazi yenyewe.

Lilikaa mlangoni mwa mashine ya kusaga, hapa Kawajense, Mpanda, nilipoajiriwa baada ya kumaliza darasa la saba. Mwenye mashine ni mama wa Kisukuma, familia yao iliuza ng'ombe ikainunua, na wote tunamwita mayu, yaani mama kwa lugha yao. Utaratibu aliuanzisha yeye: kila anayekuja kusaga anaacha bakuli moja la mahindi, Ijumaa tunayasaga bure, unga unakwenda kupikia uji watoto wa darasa la awali shule ya jirani. Kazi ya kuwasumbua wateja ilikuwa yangu.

"Dada wa pipa, leo tena unatukamua?"

"Bakuli moja tu, baba. Utakonda?"

Wanacheka, wanamwaga. Nami naota: ipo siku kila mashine ya Mpanda itakuwa na pipa lake, mpaka Kabungu huko, mpaka Kasansa.

Bibi mmoja jirani yetu, anayeishi kwa mwanae, alikuwa akipita anasema, "Na mimi nitaleta langu." Hakuwa na kitu. Ilikuwa miezi ile ya mvua, mahindi ya shambani bado machanga na ya ndani yamekwisha. Hata pipa wiki ile halikufika robo. Siku moja akaja na bakuli, kalishika kwa mikono miwili. Punje zilikuwa safi, kavu, ila kwenye vijicho vya punje ulibaki wekundu kidogo.

Nilijua. Ni mbegu za dukani, zile zinazopakwa dawa nyekundu ya wadudu. Mwanae alibakiza baada ya kupanda. Huku kwetu njaa ikibana, wapo wanaoziosha, wakazianika, wakala.

"Nimeziosha mara tatu, mjukuu wangu. Na majivu."

Watu walikuwa kwenye foleni wanatutazama. Uso wake unang'aa. Ningemwambiaje? Nikamwacha amwage, nikapanga kuzichota akishaondoka. Akaja mteja akamwaga juu ya mbegu zile, na mwingine, na mwingine. Ijumaa nikasaga yote, bila kumwambia mtu.

Jumatatu watoto walianza kutapika kabla mapumziko hayajaisha. Wakapelekwa zahanati kwa bodaboda. Hakufa hata mmoja, namshukuru Mungu, lakini nilimwona mmoja amelegea begani kwa mwalimu kama kitenge kilicholowa, na hajanitoka machoni mpaka leo.

Zahanati walimwambia mayu ni dawa ya mbegu, naye aliniuliza mara moja tu. "Nani alileta mbegu? Niambie, ili wazazi wajue ni bakuli la mtu mmoja."

"Sijui, mayu."

Huku kwetu bibi kizee akitajwa huku watoto wanaumwa, maneno hayaishii kwenye mahindi, yanafika kwenye uchawi. Niliogopa watakachomfanya. Lakini kunyamaza kwangu kukamwangukia mayu. Wazazi wakasema anawalisha watoto wao takataka za mashine. Uji ukakataliwa. Mayu akalibeba pipa mwenyewe mpaka stoo, akalifunika kichwa chini. Sasa nikipita shuleni saa nne nawaona wale wadogo wamelaza vichwa kwenye madawati. Wengine mchana hawakuti kitu nyumbani pia, wale walikuwa wanaishi kwa ule uji. Mimi ndiye niliyewanyima, na sioni njia ya kuwarudishia bila kumtaja bibi.

"Dada wa sumu, nisagie!" wateja wananitania. Nacheka nao. Zamani nilikuwa nacheka kweli.

Bibi hajui. Alisikia tu watoto waliumwa tumbo, akawaombea. Juzi, mavuno yameanza, akaja tena na bakuli lake. Mahindi mapya, meupe kabisa.

"Mbona pipa silioni?"

"Tumelihamishia ndani, bibi."

"Haya, kanimwagie. Nakaa hapa mlangoni nisikie."

Nikaingia stoo peke yangu. Nikaligeuza pipa, nikafuta utando wa buibui kwa upindo wa kanga, nikainua bakuli juu niwezavyo, nikamwaga polepole.