Jike Aliyebaki Peke Yake

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kubeba bidhaa kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo. Wale samaki aliwatoa Kigoma mjini, kwa familia moja iliyokuwa inahama. Walimpa tangi la kioo na gapi wawili, samaki wadogo wa mapambo, dume na jike. Tangi alilifunga blanketi akalilaza nyuma ya kiti, samaki akawatia kwenye kidumu, na utingo wake akakipakata kidumu hicho mpaka Kasulu.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, jiko uani, umeme hakuna. Tangi tuliliweka juu ya meza ndogo kwenye dirisha la mashariki ili lipate jua, maana Kasulu ina baridi na gapi wanataka maji ya uvuguvugu. Miezi ya kiangazi, baridi ikizidi, tulilifunika blanketi jioni. Dume alikuwa mwembamba kama jani la mwanzi, mkia wa rangi ya chungwa, na karibu na mkia alikuwa na doa jeusi, utadhani mtu alimshika kwa kidole chenye masizi. Jike alikuwa mkubwa kuliko yeye, wa kijivu, hana pambo lolote.

Mume wangu aliwalisha dagaa waliotwangwa wakawa unga. Kabla ya kunyunyiza unga huo aligonga kioo kwa ukucha, kwenye kona ya kulia, na samaki wakaja mbio. Mimi sikuwahi kugonga. Kazi ile ilikuwa yake, na nilipenda kumtazama akiifanya, mwanamume mzito namna ile kainama kama mtoto.

Homa ilimkamata Kibondo. Walimrudisha hali mbaya, na hospitali hakukaa. Tulimzika kwao Nyakitonto. Msiba ulipokwisha, mama yake akafunga nguo zake kwenye kitenge, akasema, "Nakwenda na wewe. Huwezi kulala peke yako kwenye nyumba ile."

Tulipofungua mlango wa sebule tulimkuta dume sakafuni, chini ya meza. Aliruka tukiwa msibani. Alikuwa amekauka, mkia umejikunja, lile doa bado linaonekana. Jike alikuwa ndani, hai, katika maji yaliyopungua.

"Alikufa lini huyu?" mama mkwe akauliza.

"Sijui, mama. Labda siku tulizokuwa makaburini."

Mama mkwe alimwokota, akamfunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akaenda kumfukia nyuma ya nyumba. Mimi niliongeza maji.

Siku chache baadaye jike alizaa. Hilo halikunishangaza, kwani aliachwa na mimba. Gapi hatagi mayai, anazaa watoto hai. Kabla hajazaa, doa jeusi lililo nyuma ya tumbo lake hupanuka, na ukitazama mchana wa jua kali unaona macho ya vifaranga ndani ya tumbo, nukta nukta nyeusi, jozi kwa jozi, yanakutazama kupitia ngozi ya mama yao. Mama mkwe alipoyaona mara ya kwanza alirudi nyuma akafanya ishara ya msalaba.

Kifaranga hutoka kajikunja, huzama kidogo, kisha hujinyoosha akapanda juu. Mama yake hugeuka akammeza. Tuliona kwa macho yetu, mmoja, kisha mwingine, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeokota mchele kwenye ungo. Nilichukua kipande cha chandarua nikawachota waliobaki, nikawatia kwenye beseni, nikawalisha kiini cha yai la kuchemsha kilichosagwa baina ya vidole. Maji niliyabadilisha kidogo kidogo, maji ya mvua tuliyohifadhi kwenye pipa, si ya bomba. Kazi ile ilinipa sababu ya kuamka.

Wale vifaranga bado ni wadogo kama kope, jike akazaa tena. Nikajiambia labda ndivyo walivyo. Alipozaa mara ya tatu, mama mkwe alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Dume yuko wapi?" akaniuliza.

"Si ulimzika wewe, mama?"

"Nauliza tena. Dume yuko wapi?"

Jirani yetu, mke wa mwenye duka, alikuja kuangalia. Aliinama, akahesabu mimba na miezi ya msiba, akavuta mtandio wake. "Dada, hili si jambo la heri. Kamwage mbali." Tangu siku ile aliongea nami akiwa barazani tu.

Mama mkwe hakutaka wamwagwe. Wakubwa wa beseni tulikuwa tumeshawarudisha tangini. Alianza kukaa pale asubuhi na rozari yake, akiongea nao Kiha, polepole, namna anavyoongea mtu na mgonjwa. Nikiingia ananyamaza. Siku moja nilikuwa uani nachambua maharage, jua liko juu, nikasikia ukucha unagonga kioo. Ngo, ngo, ngo. Nilidhani ni yeye. Niliingia sebuleni, hamna mtu. Samaki wote walikuwa wamejazana kwenye kona ya kulia, vinywa juu, wanasubiri. Isipokuwa jike, wote walizaliwa baada ya mume wangu kuzikwa, na nao walikuwa hapo.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu haijagusa chini, ananitazama.

"Na wewe umesikia?" akasema.

Sikuwahi kumsimulia habari ya kugonga. Nilirudi kwenye maharage yangu, nikachambua yale yale niliyokwisha kuchambua.

Nilikwenda kwa bwana samaki, afisa wa uvuvi aliyekuwa na kiofisi karibu na soko. Alinisikiliza bila kucheka. Akanieleza kwamba jike wa gapi ana uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia miezi mingi, hata dume akifa. Anapanda mara moja, anavuna mara kadhaa. Nilitoka pale mwepesi. Nilikimbilia nyumbani nikamweleza mama mkwe neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kiha changu kibovu.

"Kwa hiyo alikufa," akasema, "lakini alikuwa bado yumo."

"Mbegu tu, mama."

"Ndiyo hivyo ninavyosema."

Mvua za kwanza zilipoanza, mmoja wa wale waliokulia kwenye beseni aligeuka dume. Rangi ilimjia taratibu, chungwa mkiani, kisha doa jeusi, pale pale, kama kidole chenye masizi. Najua mtoto hufanana na baba. Lakini nilipomwona niligeuza uso. Mama mkwe alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akilia kwa sauti, na alipomaliza alifunga nguo zake kwenye kitenge.

"Nataka niende naye nyumbani."

"Mama, huyo ni samaki."

"Wewe bado msichana, utaolewa, utazaa. Mimi nitazaa wapi mwingine?"

Nilimpa ndoo yenye kifuniko, dume ndani yake na vifaranga wengi. Jike mzee nilibaki naye. Gari la kwenda Nyakitonto lilipoondoka, mama mkwe alikuwa ameikumbatia ile ndoo, haangalii nyuma.

Habari zilinifikia kabla ya mavuno. Mtu wa Nyakitonto alikuja Kasulu kuuza maharage, akanipitia. "Mama yako amejaza samaki kwenye kidimbwi. Watu hawachoti tena maji pale." Ilinibidi niende.

Kidimbwi kilikuwa bondeni, chini ya chemchemi, kilichimbwa na baba mkwe zamani kwa ajili ya kumwagilia kabichi, na tangu chemchemi ijae udongo watu walichota humo maji ya kunywa. Nilipofika kilikuwa kinameremeta. Walikuwa wengi kiasi cha kuyafanya maji yaonekane yanatambaa. Mama mkwe alishuka mbele yangu, na kivuli chake kilipogusa maji wote walimfuata ukingoni, upande huu, kisha upande ule. Kila dume niliyemwona alikuwa na doa.

Wanawake wawili walisimama juu kwenye mteremko na ndoo tupu, wanangoja tuondoke. Mmoja akaniita pembeni. "Mwambie awatoe. Ni marehemu wake huyo, sisi hatutaki kumnywa." Nikawaeleza maneno ya bwana samaki. Waliitikia kwa adabu, kisha yule wa pili akaniuliza, "Na wewe utayanywa?"

Nyumbani mama mkwe alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa na kiu. Nilipokiinua nikaona kope moja inaogelea ukingoni, na kwenye ile kope macho mawili. Niliondoka na kikombe mkononi, nikashuka bondeni, nikamimina taratibu. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni. Niliporudi alinipakulia ugali na kisamvu, tukala.

Masika ya mwaka uliofuata, kingo za kidimbwi zilibomoka, maji yakaenda na kila kilichokuwamo. Nilikwenda kumpa pole nikijua nitamkuta kitandani. Nilimkuta shambani na wale wanawake wawili, wanapalilia, wanataniana. Chemchemi ilikuwa imefukuliwa upya, watu wanachota.

"Wameenda," akaniambia, akijipangusa udongo.

"Unasikitika, mama?"

"Mtoni kuna nafasi." Akanitazama tumbo, akanitazama usoni. Nilikuwa sijamwambia bado kwamba kuna fundi cherehani wa Kibondo amenitaka, na kwamba nimemkubalia. "Niletee jembe lile," akasema. "Ukishaolewa, nani atanisaidia mstari huu?"

Nililichukua jembe, tukapalilia mpaka mwisho wa mstari.