Bibi wa Kingsbury Aliyedai Msindo

Kwa siku nne nzima bibi wa watu aligoma kula kwa sababu ya sura yangu.

Sura hii hii. Sikumtukana wala sikumkosea. Aliniona tu.

Naitwa Faridah, mtoto wa Tanga, Ngamiani. Hapa Landani nafanya kazi ya care, nazunguka nyumba za watu kuhudumia wazee. Mwezi wa tatu ajensi wakanipa mteja mpya, Kingsbury.

"Ni bibi wa Kihindi. Alianguka akavunjika nyonga, katoka hospitali juzi. Anakula kidogo, haongei sana."

Nikasema poa, wazee wa Kihindi nimewazoea.

Jumatatu asubuhi nikabonyeza kengele. Akanifungulia Minal, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mkono mmoja tayari uko kwenye koti la kazini.

"Pita, yuko sebuleni."

Nikapita. Nikasimama kama mlingoti.

Kwenye kiti alikaa bibi mweusi tii, nywele za kipilipili nyeupe kama pamba, kajifunga sari ya kijani. Shangazi yangu wa Pangani mtupu! Nikajua nimekosea nyumba.

"Shikamoo bibi," ikanitoka yenyewe.

Bibi akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Kisha akafumba macho, chozi likamshuka.

Minal akanivuta pembeni. "Anaitwa Hurbai. Ni Msidi, wa kijiji cha Jambur, Gujarat."

"Msidi ndiyo nini, dada?"

"Ni kabila kule India. Mababu zao walitoka Afrika karne nyingi zilizopita, wengine watumwa, wengine askari. Serikali inawatambua kama kabila, wana ngoma zao na desturi zao. Lakini wakienda mjini bado wanaulizwa kwao wapi. Kwao ni pale pale!" Akashusha pumzi. "Alinilea tangu mchanga. Tulipohamia huku tukaja naye. Huyu ndiye mama yangu, Faridah. Tafadhali."

Akakimbilia treni.

Nikapasha dengu na wali. Bibi akageuza uso. Nikapeleka kijiko mdomoni, akafunga midomo kama mlango wa benki.

Halafu akasema neno moja. "Musindo."

Jamani! Msindo? Si Kiswahili hicho? Kwetu msindo ni kishindo, kelele.

Nje kulikuwa na fundi anatoboa ukuta wa jirani. Nikaona basi, bibi anasumbuliwa na kelele. Nikafunga dirisha.

"Musindo!"

Nikazima TV.

"Musindo!" Sasa anapiga mkono wa kiti.

Nikavua viatu, nikawa natembea kwa vidole kama mwizi wa kuku. Bibi ndiyo kwanza anazidi kukasirika.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Maji anakunywa, chakula hataki kusikia. Minal naye akirudi jioni hapewi hata neno.

Mashavu yakaanza kumbonyea. Na Ijumaa alikuwa anakuja social worker, afisa wa ustawi wa jamii. Walishasema, bibi asipokula atahamishiwa nyumba ya wazee, tena mbali, ambako hakuna hata mmoja anayejua Kigujarati.

Alhamisi Minal hakwenda kazini. Macho mekundu.

"Amekwambia chochote?" akaniuliza.

"Analalamika kelele tu, dada. Kila siku msindo, msindo."

Minal akaweka kikombe chini. "Faridah, musindo si kelele. Musindo ni ngoma. Kule Jambur kaka yake alikuwa anaipiga."

Nilichoka mwili na roho. Siku nne mtu anaomba ngoma, mimi namzimia mpaka saa ya ukutani!

Sikungoja. Nikaingia jikoni, nikachukua ndoo, nikaipindua, nikakaa mbele ya bibi. Nikapiga ngoma ya harusi ya kwetu, ile ninayoijua.

Bibi akafumbua macho. Akasikiliza. Kisha akafyatua Kigujarati kama bomba lililozibuka.

Minal akaanza kucheka huku analia. "Anasema unapiga vibaya sana."

"Muulize kwa nini hali."

Wakaongea. Nikaona Minal anashika mdomo.

"Anasema alipokuona alijua amekwisha, na anayekufa ale wa nini? Alidhani wewe ni ndugu, umetumwa kutoka Jambur. Ndugu hasafirishwi kuja Landani kumsalimia tu mtu ambaye hafi. Huletwa kuaga maiti. Akaona mimi namficha kwamba anakufa, ndiyo maana kaninunia."

"Na ngoma?"

"Anasema, kama umekuja kumuaga, mbona umekuja mikono mitupu, bila musindo wa kumuagia?"

Nikapiga magoti, nikamshika mikono. "Mwambie mimi ni wa Tanga, Afrika. Nimekuja kumwogesha na kumpa chai. Hafi mtu hapa."

Bibi akaniangalia muda mrefu. Akanigusa shavu, kisha nywele zangu chini ya kilemba. Akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza, huko Afrika wapo wengi wenye sura hii?"

"Mwambie bibi tumejaa."

Akacheka mpaka akashika nyonga. Kisha akaomba wali.

Ijumaa social worker alitukuta bibi ana sahani ya pili mbele yake, ananifokea jinsi ya kushika mkono kwenye ndoo. Akaandika anachoandika, akaondoka. Bibi akabaki nyumbani kwake.

Ndugu zangu, mgonjwa akisema neno usilolielewa, usikimbilie kusema akili imemtoka. Na hata ukidhani umelielewa, muulize anayemjua. Mimi Kiswahili changu kilinidanganya, karibu kinizikie mtu aliye hai.

Siku hizi nikifungua tu mlango, bibi ananipokea na sentensi moja, Minal keshanitafsiria.

"Leo pia sifi. Bandika chai."